Usingizi Kabla Mahindi Hayajafika Magotini

Jumapili, 16 Machi
Leo mvua imefika Kayole, na Mama naye amefika. Hakuna kati yao aliyepiga simu kwanza.

Mama ni mama yake Wakoli, mume wangu. Ana jina lake, Nabalayo, lakini mimi siwezi kulitamka mbele yake. Kwangu ni Mama, basi. Ametoka Bungoma na kuku aliyefungwa miguu, viazi vitamu na unga wa wimbi wa kulisha jengo zima. Alipomwona Nasike, mtoto wetu, alimrusha juu mpaka nikafumba macho. Halafu akanigeukia mimi. Akanitazama toka juu hadi chini, akamwuliza mwanawe kana kwamba mimi ni kabati: "Huyu unamlisha nini? Uso umevimba kama wa mtu aliyetoka matangani."

"Ni thairoidi, Mama," Wakoli akasema.

"Iko wapi hiyo?"

Nikamwonyesha hapa mbele ya koo. Nikamwambia ni tezi, kila mtu anayo, ila yangu imelegea tangu nimzae Nasike. Haifanyi kazi yake, ndiyo maana nachoka, nasikia baridi hata jua likiwaka, na nywele zinabaki kwenye kitana. Nina kidonge cha kila asubuhi. Sikumwambia lililo baya zaidi, kwamba pamoja na uchovu wote huo usiku silali. Mchana nasinzia na sindano mkononi, usiku macho kodo, kama nimeajiriwa kulinda dari.

Alijua tu. Baada ya ugali akasema: "Nimekuja kumpumzisha huyu msichana. Shamba tumeshapanda. Mahindi yakifika magotini narudi kupalilia, na kama atakuwa bado hivi, mtoto naenda naye. Si ameshaacha ziwa?"

Wakoli akaitazama sahani yake. Kwao si jambo geni. Mtoto akiacha ziwa, nyanya anamchukua, mama anapata nguvu. Wakoli mwenyewe alilelewa hivyo mpaka akaanza shule, na anasema ndio wakati alikula vizuri maishani mwake.

Mimi nikakusanya sahani. Lakini Nasike haendi.

Jumanne, 18 Machi
Mama ameniamsha alfajiri na kikombe cha chai. Maziwa mengi, majani mengi, tangawizi ya kukohoza. "Amka umeze dawa yako na kitu cha moto. Dawa ikikuta tumbo tupu inalitoboa."

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniletea chai kitandani. Karibu nilie. Kwenye pakiti ya dawa wameandika imezwe kabla ya kula, lakini hiyo ilikuwa chai tu, mkate sijaugusa. Nikameza.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua. Sikulala. Kuku amechinjwa, ni mtamu.

Alhamisi, 27 Machi
Nimepeleka viatu Kariokor. Kazi yangu ni kushona shanga kwenye ndara za ngozi. Mzee Maingi ananipa ngozi zilizokatwa, nazishonea nyumbani Nasike akilala, narudisha. Kazi nzuri kwa mwenye macho. Mimi siku hizi nikitunga shanga nyekundu, naona mbili, moja ya kweli na nyingine ya pembeni.

Nimemkuta Sahro pale kwa Maingi akichagua mzigo. Sahro ana kibanda ndani ya mall moja huko Eastleigh, anauza ndara, mafuta ya nywele na vitamini za ng'ambo. Akanishika kidevu kama daktari wa ng'ombe.

"Abaayo, dada yangu, umelala lini mara ya mwisho? Walahi unatisha watoto."

Nikamweleza. Akachomoa kichupa mkobani, chake mwenyewe. Ndani kuna peremende laini za rangi ya zambarau, unazitafuna.

"Melatonini," akasema. "Hii mwili wako wenyewe unaitengeneza giza likiingia. Wa kwako umesahau, tunaukumbusha tu. Moja jioni."

"Na dawa yangu ya tezi?"

"Hiyo ni asubuhi, hii ni jioni. Zitakutana wapi?"

Nikaona maneno hayo yana akili. Kichupa alichonipa nimekiweka juu kabisa ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa, Nasike asifike.

Ijumaa, 28 Machi
NIMELALA. Wakoli anasema nilikoroma mpaka akafurahi.

Jumatano, 2 Aprili
Bwire amepiga. Ni shemeji yangu, mdogo wake Wakoli, ndiye aliyebaki na shamba. Mama huweka simu yake kwa sauti kubwa kwa sababu haamini kwamba Bungoma inaweza kusikika bila hivyo.

"Mahindi yamefika wapi?"

"Yametoka, Mama! Yako kwenye kifundo cha mguu!"

Mama akanitazama. Nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 5 Aprili
Leo nimecheka ingawa ni aibu. Mzee Maingi amenipigia: "Kavinya, hawa wateja wangu wana miguu ya kushoto tupu?" Mzigo wote wa wiki nimeushonea upande mmoja. Ua zuri la shanga, kushoto, kushoto, kushoto. Sikuona. Nalala usiku, ndiyo, lakini mchana kichwa ni kama kimejazwa pamba.

Amenipa ngozi za miguu ya kulia nizishone. "Ukirudi na za kushoto tena," akasema, "nitafungua duka la watu wa mguu mmoja." Ni mzee mwema.

Jumatano, 9 Aprili
Peremende moja haitoshi siku hizi. Nakula mbili. Jana nikala ya tatu kwa sababu Wakoli alikuwa shifti ya usiku kiwandani na mvua ilipiga mabati ya jirani kama ngoma.

Leo nimetia chumvi kwenye uji wa Nasike badala ya sukari. Akaonja, akanitazama kwa heshima, akautema wote kifuani kwangu.

Jioni Mama amezungumza na Wakoli jikoni. Kwa Kibukusu. Mimi ni Mkamba, lakini nimekaa kwa hawa watu nikaokota maneno mawili matatu, na hayo mawili matatu yalitosha. Mtoto. Kwenda. Naye.

Wakoli akasema, "Tutaona, Mama." Hiyo "tutaona" yake naijua. Ndiyo aliyomwambia mwenye nyumba kuhusu rangi ya ukuta, na ukuta sasa ni kijani.

Nilipomwuliza kitandani, akasema, "Lakini Kavinya, ni miezi michache tu, upone."

"Wewe unaenda pia?"

"Mimi niende wapi?"

"Basi na yeye haendi popote."

Jumanne, 15 Aprili
Leo ni siku ya kuandika kwa kirefu.

Nilienda kliniki. Walikuwa wamenipima damu wiki iliyopita, na daktari, msichana anayeitwa Wathome, mdogo kuliko mimi, alikuwa na karatasi mezani na uso umekunjamana.

"Mama Nasike, dawa unameza?"

"Kila asubuhi. Sijaruka hata siku moja."

"Kwa sababu hapa inaonekana kama humezi."

Nikaudhika. Nikamwambia nina watu wa kushuhudia, hata mama mkwe ananiamsha alfajiri nimeze.

"Kabla ya kula?"

"Kabla kabisa. Nakula saa mbili."

"Na katikati hugusi kitu?"

"Hapana."

Akaandika. Halafu akanyanyua kichwa. "Hata chai?"

"Chai nakunywa. Ndiyo namezea dawa."

Kalamu ikakaa hewani. "Ya maziwa?"

"Daktari," nikasema, "kuna chai nyingine?"

Alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akanieleza polepole. Kile kidonge ni chepesi kushikwa. Maziwa yakikikuta tumboni yanakizuia kuingia kwenye damu. Kimezwe na maji matupu, tumbo tupu, kisha nikae saa nzima kabla ya chai. "Umekuwa ukimeza dawa halafu unaifungia mlango," akasema. Miezi yote hiyo! Maana hata kabla Mama hajaja mimi mwenyewe nilikuwa nikimezea chai. Nyumbani kwetu Machakos hata panado inamezewa chai. Nani atameza dawa na maji baridi kama mtu asiye na jamaa?

Basi nikajikaza nikamtolea kichupa cha Sahro. Nilidhani atanigombeza. Alikisoma pande zote.

"Hizi si sumu," akasema. "Kuna watu zinawasaidia. Lakini wewe unakula ngapi?"

"Moja."

Akangoja.

"Mbili. Tatu kukiwa na mvua."

"Na mvua iko kila siku." Akanisogezea kichupa. "Sikiliza. Tezi ikilegea na usingizi unaharibika. Hapo ndipo pa kutengeneza. Hizi zinakufunika tu, na ukizidisha zinakuamsha na kichwa kizito. Na kwa watu wa tezi kama wewe bado hatujui mengi, kwa hiyo sitakudanganya. Kama lazima, moja tu, mapema jioni, kwa wiki chache. Simu usiingie nayo kitandani. Nyumbani kuna mwingine anayemeza dawa?"

"Mama mkwe, za presha."

"Huyo asionje. Wala mtoto. Na ukitaka kuongeza kitu chochote, niulize kwanza mimi, si dada wa Eastleigh."

Damu nitapimwa tena mwisho wa Mei. Nikauliza kama naweza kupona kabla mahindi hayajafika magotini. Akaniuliza mahindi gani.

Sasa niko nyumbani, na jambo gumu halikuwa kliniki. Jambo gumu ni kesho alfajiri.

Jumatano, 16 Aprili
Alikuja na kikombe kama kawaida. Nilikuwa nimekaa tayari, glasi ya maji mkononi, kidonge kimeshapita.

"Mama, asante. Nitainywa baadaye kidogo."

"Itapoa."

"Tuiweke kwenye chupa ya chai. Daktari amesema maziwa yanaizuia dawa. Nikae saa nzima kwanza."

Akasimama na kikombe chake. Mvuke ulikuwa unampanda usoni.

"Kwa hiyo ni chai yangu iliyokufanya mgonjwa."

"Hapana, Mama. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo kabla hujaja. Chai yako ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa. Nitaimaliza yote. Lakini saa nzima kwanza."

"Tumbo tupu litatoboka."

"Likitoboka utaniambia."

Niliyasema kwa upole, lakini sikushusha macho. Akaondoka. Nikasikia anaimimina kwenye chupa, kifuniko akakikaza kwa nguvu hata Wakoli akaja kukifungua kwa kitambaa.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Pilau. Mama hasemi nami, ila amenipakulia minofu yote. Sijui nielewe vipi.

Jumamosi, 26 Aprili
Kwa peremende moja nalala kidogo, naamka, nalala tena. Sijisifu bado. Lakini leo nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na ndoo bila kupumzika ya pili. Mama Kyule, jirani wa mlango wa mbele, akasema, "Sasa siste, umekula nini wewe?" Nikamwambia maji.

Bwire alipiga. Mama siku hizi hatumii sauti kubwa. Anaenda kwenye roshani, katikati ya nguo za kuanikwa, anaongea chini chini. Aliporudi nikamwuliza mahindi yamefika wapi.

"Katikati ya muundi. Mvua huko ni haba."

Lakini Nasike bado anaondoka yakifika magotini. Amelisema tena wakati wa chakula, na safari hii amemnunulia buti ndogo za mvua, za njano, za kutembea shambani. Mtoto kazipenda, amelala nazo.

Alhamisi, 1 Mei
Mvua, kufua, mvua. Mahindi bado kwenye muundi.

Jumanne, 6 Mei
Nimeanza kuona kitu. Mama haniamshi tena, lakini yeye mwenyewe huamka. Nikitoka kumeza dawa namkuta ameshakaa jikoni, amevaa kabisa, leso kichwani, mikono juu ya magoti kama anangoja basi. Chai ilishachemka zamani. Nimemwuliza, "Mama, wewe unalala saa ngapi?"

"Mimi ni mtu wa kuamka mapema," akasema.

Jumamosi, 10 Mei
Leo! Mungu wangu, leo!

Ilikuwa zamu yetu kupokea ushirika wa akina mama wa kanisa. Mchana nikashuka kununua mkate na maziwa, nikamwacha Mama na Nasike. Mvua ikanizuia dukani. Niliporudi, akina mama walikuwa wameshajaa sebuleni, na Mama Kyule yuko katikati ya maombi, yale yake ya kuanza na Edeni. Mama amekaa kwenye kiti kikubwa, kichwa kimeinama, mikono wazi.

"Mama ameingia rohoni," mmoja akaninong'oneza. "Tangu tufike hajafungua macho. Ni mtu wa sala!"

Mama Kyule akafika mwisho. Wote wakasema amina. Pakawa kimya. Na katika kimya kile Mama akakoroma. Si kukoroma kwa adabu. Kukoroma kwa lori linalopanda mlima.

Nikageuka kutazama juu ya kabati. Sufuria kubwa imesogezwa. Kichupa kiko mezani karibu na Biblia, wazi.

Wazo la kwanza halikuwa Mama. Nasike yuko wapi?

"Mtoto! Nani amemwona mtoto?"

Alikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, amevaa buti zake za njano. Nikamfungua mdomo kwa nguvu, nikanusa, nikapitisha kidole mpaka kwenye fizi, akaniuma. Nikampigia Daktari Wathome.

"Mtoto anafanya nini sasa hivi?" akauliza.

"Ananipiga teke. Sasa amepanda kochi. Anataka kuruka. Ameruka!"

"Huyo hajala kitu. Mwangalie tu. Nyanya je, ukimtikisa anaamka?"

Nikamtikisa Mama. Akafungua jicho moja, akasema "Amina!" kwa sauti ya kanisa zima, akalifunga. Akina mama walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

"Huyu shosho amezima kabisa!" Mama Kyule akasema. "Hiyo kitu mumempa, hata mimi nataka!"

Daktari alisema alazwe kwa ubavu, nimwangalie pumzi, nimwamshe kila baada ya muda, akibadilika tukimbie hospitali, na Jumatatu nimlete apimwe presha. Tukambeba wanne. Nyumba ilipotulia nikakaa pembeni yake, Nasike mapajani kwangu nimemshika kama mwizi.

Hapo simu ya Mama ikalia. Bwire. Nikapokea.

"Mama, sasa unanitesa," akaanza kabla sijasema haloo. "Mahindi yako kiunoni! Ulisema magotini. Magotini ilikuwa zamani! Palizi ya kwanza nimefanya peke yangu, ya pili inapita. Kila nikikuambia unasema wiki ijayo. Huko Nairobi kuna nini?"

"Bwire, ni mimi, Kavinya."

"Shemeji," akasema, sauti imeshuka. "Naomba usimwambie nimesema."

Nilimtazama yule mama aliyelala. Wiki nzima, na nyingine, na nyingine, nimekuwa nikiyaogopa yale mahindi. Nimeomba yasiote, mimi binti wa mkulima! Na yeye yuko kwenye roshani kati ya nguo mbichi, anayarudisha chini kwa maneno. Hakutaka kurudi.

Jumapili, 11 Mei
Usiku Wakoli na mimi tulimwangalia kwa zamu. Pumzi nzuri. Aliamka saa tatu asubuhi, ibada imeshaanza. Akakaa kitandani akishangaa dirisha.

"Mmenifanya nini?"

"Umejifanya mwenyewe, Mama. Zile peremende."

Akakumbuka. Alizipata akitafuta sufuria ya chai ya wageni. "Nikadhani ni za mtoto, umemficha. Lakini mimi simpi mtoto kitu sijakionja. Nikaonja moja. Ilikuwa tamu. Nikaonja nyingine kuhakikisha."

Kwa sababu hiyo moja, ya kuonja kwanza, nimemsamehe yote. Na kosa ni langu pia. Kabati lilikuwa refu kwa Nasike, sikufikiria mwanamke mrefu kutoka Bungoma. Zilizobaki nimezitupa.

Nikamletea maji, kisha baada ya muda chai. Nikakaa.

"Mama, mahindi yamefika wapi?"

"Bado kidogo yafike magotini."

"Magoti ya nani? Ya twiga?"

Akanitazama. Nilidhani atakasirika. Bega likaanza kutikisika, halafu la pili, mara tunacheka wote wawili, chai inamwagika kwenye blanketi, Nasike anacheka kwa kuwa tunacheka. Alipomaliza kucheka alikuwa na machozi ya namna nyingine.

"Ile nyumba ina milango mingi," akasema. "Tangu Mzee wangu afe, kila usiku nasikia kila mlango. Nalala kidogo, naamka, nakaa jikoni. Kila mtu namwambia napenda utulivu. Siupendi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimelala kama mtu. Nilisema nikipata huyu mtoto pembeni yangu..."

Hakumaliza. Nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia mchukue, kweli nilitaka, kwa nusu dakika. Lakini mtoto si blanketi.

"Mama, Nasike haendi," nikasema. "Nakupenda, na haendi. Agosti tutakuja wote watatu, tukae mpaka utuchoke. Na wewe unaweza kukaa hapa unavyotaka, hakuna haja ya kudanganya kuhusu mahindi. Lakini hilo la usingizi wako utalisema kwa daktari, na utalisema kwa Bwire. Bwire ana Ayuma, msichana mkubwa. Kwenu wajukuu si hulala kwa nyanya yao?"

"Hulala."

"Mbona Ayuma halali kwako?"

"Sijamwomba."

"Kwa nini?"

Akaipuliza chai yake ambayo haikuwa ya moto tena. "Niseme naogopa milango? Mimi?"

Wakoli alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Akachukua simu ya Mama, akampigia ndugu yake mwenyewe. Hakusema tutaona.

Jumatatu, 12 Mei
Kliniki na Mama. Presha si mbaya. Daktari amembadilishia saa za dawa na kumkataza chai nzito jioni. "Huyu msichana ana tatizo na chai," Mama akaniambia tukitoka.

Jumatatu, 19 Mei
Nimelala bila kitu chochote. Sikusema kwa sauti, nisije nikauharibu.

Ijumaa, 30 Mei
Majibu ya damu yametoka. Tezi bado, lakini imepanda vizuri, daktari alipiga meza kwa furaha. Kidonge ni kilekile, kiasi ni kilekile. Kilichobadilika ni glasi ya maji.

Mzee Maingi amepokea mzigo wangu, akapanga ndara sakafuni mbili mbili, akasema, "Kushoto. Kulia. Sifa kwa Bwana."

Jumapili, 1 Juni
Mama ameondoka. Mvua imebaki manyunyu. Alimvua Nasike buti za njano mwenyewe, akaziweka chini ya kitanda chetu. "Za Agosti," akasema. Kisha akaniambia mimi, kidole kikiwa hewani: "Maji kwanza. Nitajua."

Jumatatu, 2 Juni
Amejua. Simu imelia alfajiri. "Mama Nasike! Umemeza? Na nini? Maji peke yake? Sawa. Sasa kaa." Akakata.

Ijumaa, 6 Juni
Amepiga tena, na jana, na juzi. Wakoli anajifunika kichwa kwa mto. Mimi nimeacha kutega kengele ya simu. Nina Mama. Kila siku namwuliza kama amelala, kila siku anasema, "Kidogo. Ayuma anapiga mateke kama punda." Sauti haina malalamiko.

Jumamosi, 14 Juni
Leo nimeamka mwenyewe, mwanga umeshaingia. Nasike ananivuta kope. Nikatazama simu. Kimya. Hajapiga.

Nikameza dawa yangu na maji nikiwa nimesimama, nikampigia. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikaona milango yote ya ile nyumba. Wakoli akaamka, akakaa. Mara ya tatu ikapokelewa. Kwanza nikasikia kuku, kisha sauti nzito, iliyokwaruza, kama ya mtu anayetolewa kisimani.

"Nani?"

"Mama! Uko salama? Hukupiga!"

Kitanda kikalia. Ayuma akaguna mahali. Halafu Mama, kwa mshangao mkubwa:

"Wee. Kwani ni saa ngapi?"